Msimu wa 2007 wa NFL: Je, Coughlin alifanya sawa kuwachezesha nyota wake katika mechi isiyokuwa na faida?

Mwalimu wa Tudor

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Naomba tulijadili jambo moja la msimu wa 2007 wa futiboli ya Marekani, kwa kuwa nafundisha timu ya soka ya vijana hapa Tudor, Mombasa, na swali lenyewe hunijia kila ligi yetu ya mtaa inapokaribia kwisha.

Kwa wasioukumbuka msimu ule, ndio ambao New England Patriots, chini ya kocha Bill Belichick, walishinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida, jambo ambalo hakuna timu iliyokuwa imelifanya tangu ligi ianze kucheza mechi 16 mwaka 1978. Walipata pointi 589, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa rekodi. Kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, Tom Brady, alirusha pasi 50 za tachidauni (mpira kufikishwa katika eneo la mwisho la wapinzani), na mpokeaji wao Randy Moss akafunga tachidauni 23. Hizo nazo zikawa rekodi. Mechi ya kumi na sita ilichezwa tarehe 29 Desemba 2007 nyumbani kwa New York Giants. Giants walikuwa wamejihakikishia nafasi ya kucheza mtoano siku sita kabla, walipoifunga Buffalo 38-21, na nafasi yao ya tano katika upande wa NFC, moja ya pande mbili za ligi, isingepanda wala kushuka hata kama wangefungwa pointi mia. Kocha wao, Tom Coughlin, angeweza kuwaweka nyota wake kwenye benchi na hakuna ambaye angemuuliza. Badala yake aliwaingiza wote na kuwaacha uwanjani mpaka mwisho. Wakafungwa 38-35, na baadhi yao wakaumia. Wiki tano baadaye timu hizo hizo zikakutana katika Super Bowl ya 42, yaani fainali ya ligi, na Giants wakashinda 17-14.

Ninachouliza ni hiki: je, ushindi wa fainali ulizaliwa katika mechi ile ya Desemba, au tunausifu uamuzi wa Coughlin kwa sababu tu tunajua mambo yalivyokwisha, na kama Giants wangetolewa mapema tungemlaumu kwa kuwaumiza watu bure? Naomba ushahidi wa msimu wenyewe, si ushabiki.

Mzee wa Makupa

Waaleikum salaam, mwalimu wangu. Mimi naamini ulizaliwa pale, na nitaeleza kwa nini, ingawa itabidi nianze nyuma kidogo, kwani uamuzi wa Coughlin haueleweki mpaka mtu ajue Giants walikuwa timu ya namna gani kabla ya usiku ule.

Walianza msimu kwa kufungwa na Dallas 45-35, kisha na Green Bay 35-13. Pointi 80 katika mechi mbili. Katika mechi ya tatu, ugenini Washington, walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 17-3, na kama wangeipoteza ile huenda hata Coughlin mwenyewe asingemaliza mwaka, maana kelele za kumtaka aondoke zilikuwa zimeanza tangu msimu uliotangulia. Waliigeuza wakashinda 24-17, wakashinda mechi sita mfululizo, mojawapo ikiwa ile ya Wembley, London, dhidi ya Miami, ambayo ilikuwa mechi ya kwanza ya msimu wa kawaida kuchezwa nje ya Amerika Kaskazini. Lakini Novemba Minnesota iliwafunga 41-17 nyumbani kwao, na kwotabeki Eli Manning akarusha pasi nne zilizonaswa na wapinzani, tatu kati yake zikarudishwa moja kwa moja kuwa tachidauni. Katikati ya Desemba walifungwa tena nyumbani, na Washington. Kwa hiyo timu iliyofuzu mtoano ilikuwa timu ambayo watu wa mji wake wenyewe hawakuiamini, na kwotabeki wake hakuaminiwa zaidi ya wengine wote.

Sasa itazame mechi ya tarehe 29 kwa macho hayo. Kwa saa zetu ilianza saa kumi na robo alfajiri ya tarehe 30 Desemba, na hapa Mombasa sidhani wengi waliifuatilia, kwani ndiyo siku yalipotangazwa matokeo ya uchaguzi wa rais na nchi yetu ikaingia katika majonzi ambayo hayahitaji kukumbushwa. Mimi niliiona baadaye, nikiwa nimeshajua matokeo, na bado ilinishangaza. Giants walikwenda mapumziko wakiongoza 21-16. Katika robo ya tatu wakafika 28-16. Hakuna aliyewakabili Patriots kwa ujasiri ule mwaka mzima isipokuwa Philadelphia, waliofungwa 31-28, na Baltimore, waliofungwa 27-24. Manning, yule yule wa pasi nne za Minnesota, alirusha tachidauni nne dhidi ya timu bora kuliko zote. Kisha Patriots wakafanya walichokuwa wakifanya kila wiki. Brady alimrushia Moss mpira mrefu, ukamponyoka. Jaribio lililofuata akamrushia mpira ule ule upande ule ule, na safari hii ukawa tachidauni ya yadi 65 iliyowapa wote wawili rekodi zao kwa pigo moja. Mwisho ukawa 38-35.

Wachezaji waliotoka uwanjani usiku ule walijua kitu ambacho mazoezi hayawezi kumfundisha mtu. Walijua kwamba Patriots wanafungika. John Madden, kocha wa zamani na mtangazaji aliyeheshimiwa kuliko wote katika mchezo huo, alimwachia Coughlin ujumbe wa simu kumshukuru kwa namna timu yake ilivyocheza, na nadhani alimshukuru kwa heshima ya mchezo wenyewe, maana mashabiki wa nchi nzima walikuwa wakiitazama mechi ile kupitia vituo vitatu vya televisheni kwa pamoja.

Angalia pia waliopumzika. Tampa Bay walikuwa wameshauchukua ubingwa wa divisheni yao, wakawapumzisha watu na kufungwa mechi mbili za mwisho. Mpinzani wao wa kwanza katika mtoano alikuwa Giants, nao wakafungwa nyumbani 24-14. Dallas, wenye rekodi ya ushindi 13, walimaliza msimu kwa kufungwa 27-6 na Washington katika mechi ambayo kwao haikuwa na uzito, kisha wakapata wiki ya mapumziko, kisha Giants wakawatoa 21-17. Indianapolis, mabingwa watetezi, waliwapumzisha watu dhidi ya Tennessee wakafungwa 16-10, na mechi yao iliyofuata wakatolewa na San Diego 28-24 mbele ya mashabiki wao. Timu tatu zilipoa, na zote tatu zilianguka katika mechi yao ya kwanza. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nao Giants walikubali kushindwa Desemba kwa namna iliyowafaa Februari.

Bint wa Kibokoni

Shikamoo, mzee wangu. Nimekusoma kwa makini na nakubaliana nawe kuhusu uzuri wa mechi ile, lakini sikubaliani na hitimisho, na naomba uniruhusu nieleze.

Kwanza ni suala la majeruhi, ambalo umelipita haraka. Shaun O'Hara, aliyekuwa akicheza katikati ya safu ya mbele na kumkabidhi Manning mpira kila jaribio, aliumia usiku ule, na mlinzi wa pembeni Sam Madison pia. Wote wawili walikosa mechi ya Tampa Bay. Wiki iliyofuata, huko Dallas, ulinzi wa nyuma wa Giants ulikuwa umepungukiwa na watu kiasi kwamba ushindi ulibaki ukining'inia mpaka mlinzi wao R. W. McQuarters alipoinasa pasi ya Tony Romo, kwotabeki wa Dallas, ndani ya eneo la mwisho. Kama pasi ile ingemfika mpokeaji wa Dallas, leo mwalimu wa Tudor angekuwa anatuuliza ni kocha gani aliyeitupa nafasi ya timu yake katika mechi isiyokuwa na maana.

Na Patriots wenyewe walilijua jambo hilo miaka miwili baadaye. Katika mechi ya mwisho ya msimu wa 2009, ugenini Houston, nafasi yao katika mtoano ikiwa imeshapatikana, Belichick alimchezesha Wes Welker, mpokeaji aliyedaka pasi 112 katika ule msimu wa 2007. Mapema tu katika mechi goti lake likakatika bila hata kuguswa na mtu. Wiki moja baadaye Baltimore wakaja Foxborough, nyumbani kwa Patriots, wakawafunga 33-14. Ajali haina kinga, hilo ni kweli, lakini kocha ndiye anayeamua ni nani asimame mahali ajali inapopita.

Pili, mzee, ikiwa mechi ya Desemba iliwafundisha Giants, kwa nini haikuwafundisha Patriots? Wao pia walikuwa uwanjani kwa dakika zote 60. Wao pia waliona wapi Giants walikuwa na nguvu. Ilhali timu iliyokuwa ikipata wastani wa karibu pointi 37 kwa mechi ilipata 14 tu katika fainali. Kwangu mimi jibu liko kwenye safu ya mbele ya ulinzi wa Giants, na safu hiyo ilikuwa imeshajengeka zamani kabla ya Desemba. Tarehe 30 Septemba waliiangusha Philadelphia kwa kumwangusha kwotabeki Donovan McNabb mara 12, sawa na rekodi ya ligi, na sita kati ya hizo zilikuwa za Osi Umenyiora peke yake. Huyu ni kijana aliyezaliwa London kwa wazazi wa Kinijeria na kukulia kwa sehemu Nigeria, nami najivunia sana kumtaja hapa. Upande wa pili alikuwepo Michael Strahan katika msimu wake wa mwisho, na kati yao Justin Tuck. Giants waliongoza ligi nzima mwaka ule kwa kuwaangusha makwotabeki mara 53. Safu kama hiyo haihitaji kuamshwa na mechi ya kirafiki ya mwisho wa mwaka.

Na tatu, tukubali kwamba katika fainali palikuwa na bahati. Asante Samuel wa Patriots alikuwa na pasi ya Manning mikononi mwake katika dakika za mwisho, ikampita juu ya vidole. Angeidaka, mechi ingekwisha na Patriots wangekuwa timu ya kwanza kumaliza msimu kwa ushindi 19 bila kufungwa, kuwapita hata Miami ya Don Shula iliyoshinda mechi zote 17 mwaka 1972. Jaribio lililofuata lile lile ndilo Manning alipojichomoa katikati ya mikono iliyokuwa imeshamshika jezi, akarusha mpira juu, na mpokeaji wake David Tyree akaubana dhidi ya kofia yake ya chuma huku Rodney Harrison wa Patriots akimvuta chini. Yadi 32. Sioni ni kwa njia gani mechi ya tarehe 29 Desemba iliutengeneza mdako ule.

Mwalimu wa Tudor

Ahsanteni sana nyote wawili. Binti yangu wa Kibokoni, hoja yako ya pili ndiyo iliyonishika kuliko zote, nami naomba yeyote mwenye kuijua fainali ile vizuri anijibu: ni kipi hasa ambacho Giants walikifanya Februari ambacho hawakukifanya Desemba? Kama hakuna tofauti, basi bint amemshinda mzee.

Abu Likoni

Mwalimu, tofauti ipo, na inaonekana wazi kwa anayeziangalia mechi hizo mbili moja baada ya nyingine.

Aliyekuwa akiuongoza ulinzi wa Giants ni Steve Spagnuolo, na 2007 ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika kazi hiyo. Alitoka Philadelphia, alikofanya kazi miaka mingi chini ya Jim Johnson, na si bahati kwamba Philadelphia ni mojawapo ya timu chache zilizowasumbua Patriots mwaka ule. Desemba, Spagnuolo alikuwa na wiki ya kawaida ya maandalizi na mechi moja mbele yake. Februari alikuwa na wiki mbili, na alikuwa na kitu cha thamani kubwa: mkanda wa mechi nzima ya wachezaji wake bora dhidi ya wachezaji bora wa Belichick, iliyochezwa kwa nguvu zote na pande zote mbili. Kama Coughlin angewapumzisha watu wake, Spagnuolo angekuwa na mkanda wa Brady akiwachezea wachezaji wa akiba, mkanda usiomsaidia mtu.

Alichofanya katika fainali ni kumwingiza Tuck katikati ya safu, mbele ya walinzi wa ndani wa Brady, kila ilipokuwa wazi kwamba Patriots watarusha mpira. Kwa kawaida shinikizo linalotoka pembeni Brady alilikwepa kwa kupiga hatua moja mbele. Lilipotoka katikati hakuwa na pa kwenda. Aliangushwa mara tano: Tuck mara mbili, Strahan, Kawika Mitchell na Jay Alford mara moja kila mmoja. Wakati huohuo safu ya mashambulizi ya Giants iliushika mpira katika mfululizo wao wa kwanza kwa dakika 9 na sekunde 59, muda mrefu kuliko wowote katika historia ya Super Bowl, ukazaa pointi tatu tu lakini ukamweka Brady kwenye benchi karibu theluthi mbili za robo ya kwanza. Timu isiyojiamini haichezi hivyo. Timu isiyojiamini ingekimbilia kupata pointi haraka kwa hofu ya kile Patriots wanachoweza kufanya.

Bint ana haki kabisa kuhusu bahati, na ana haki kuhusu Welker. Lakini nadhani hoja ya Patriots kutojifunza inajibiwa na tukio ambalo hakuna aliyelitaja. Katika robo ya tatu ya fainali, wakiongoza 7-3, Patriots walifika yadi ya 31 ya Giants wakiwa na jaribio la nne, yaani la mwisho, na yadi 13 za kutafuta ili waendelee na mpira. Mkwaju wa pointi tatu ungekuwa wa karibu yadi 50. Belichick hakumwita mpigaji wake, Stephen Gostkowski. Alimwacha Brady arushe, na pasi ikaenda bure. Sitaki kusoma moyo wa mtu, lakini huo ni uamuzi wa kocha ambaye mwaka mzima timu yake ilikuwa ikipata njia, na ambaye mechi ya Desemba ilimthibitishia kwamba hata akiwa nyuma pointi 12 atapata njia. Walifungwa kwa tofauti ya pointi tatu. Kwa hiyo wote wawili walijifunza usiku ule, ila Giants walijifunza mahali pa kurekebisha na Patriots walijifunza kwamba hapakuwa na haja ya kurekebisha.

Kuhusu swali la jumla la mwalimu, mimi sidhani kuna kanuni moja. Indianapolis ya 2009 ilikuwa na ushindi 14 bila kufungwa, ikiongoza New York Jets 15-10 katika robo ya tatu, kocha Jim Caldwell akamtoa kwotabeki wake Peyton Manning. Wakafungwa 29-15, na mashabiki wao wakawazomea nyumbani. Wengi husema uamuzi ule uliwagharimu. Lakini timu ile ile iliwafunga Jets hao hao 30-17 katika mtoano na kufika Super Bowl kabla ya kufungwa na New Orleans 31-17, kwa hiyo mapumziko hayakuwaua. Manning huyo mkubwa alikuwa ameshatwaa ubingwa na hakuwa na la kujithibitishia. Mdogo wake Eli, Desemba 2007, alikuwa nalo kubwa. Ningekuwa wewe, ningejiuliza vijana wangu wa Tudor wanahitaji miguu iliyopumzika au wanahitaji kujua kama wanaweza kusimama na timu kubwa, kisha ningeamua hapo.

Bint wa Kibokoni

Abu Likoni, hoja ya mkanda wa mechi sikuwa nimeifikiria, na ni nzito kuliko hoja ya kujiamini, kwa sababu inaweza kuonyeshwa. Hata hivyo bado naona O'Hara na Madison walilipa bei ambayo wengine ndio wanaoisifia. Je, kuna jambo lolote uwanjani, si katika nyoyo, ambalo Giants walilizuia Februari baada ya kuadhibiwa nalo Desemba?

Mzee wa Makupa

Marahaba, binti yangu, na hilo nitalijibu mimi kwa kuwa nilianzisha. Lipo, nalo ni lile lile la yadi 65.

Baada ya mdako wa Tyree, Manning alimpata mpokeaji Plaxico Burress kwa pasi ya yadi 13 na Giants wakawa mbele 17-14 zikiwa zimebaki sekunde 35. Patriots walikuwa na muda wa majaribio manne. La kwanza halikufika popote. Katika la pili Alford, mchezaji wa mwaka wa kwanza, alipita katikati na kumwangusha Brady, nao wakarudi nyuma mpaka wakawa na yadi 20 za kutafuta. Sasa kilichobaki ni mpira mrefu kwa Moss, na kila mtu uwanjani alijua. Desemba mpira huo ulirushwa mara mbili mfululizo, na mara ya pili Moss alikuwa peke yake, hapakuwa na mtu wa kumkaribia. Februari pia Brady aliurusha mara mbili mfululizo, mbali sana, kwa nguvu ambayo wachache duniani wanayo. Mara ya kwanza mlinzi wa Giants, Corey Webster, alikuwa bega kwa bega na Moss, akaugusa mpira kwa ncha za vidole, na nyuma yake palikuwa na mlinzi mwingine anayesubiri. Mara ya pili walimzunguka tena wawili, mpira ukaanguka chini, na Giants wakaupokea ikiwa imebaki sekunde moja.